Gundi Mguuni

Nilikuwa nimehesabu vinyweleo vya inzi mpaka macho yananiwaka, ndipo nikaliona tone la gundi kwenye kiungo cha mguu wa mbele.

Mguu haukuwa wa inzi yule. Mwalimu wangu wa elimu ya wadudu hubandika mwenyewe miguu inayokatika, na safari hii, bila kujua, alikuwa amebandika wa inzi wa spishi nyingine. Ni mguu huohuo mnene, unaotoa hariri ya kufungia windo ambalo dume humpelekea jike, uliomfanya Mwalimu aamini kwamba amepata spishi mpya.

Miaka tisa ya kuinamia hadubini. Kibandiko cha jina la spishi kilikuwa tayari, kwa mwandiko wake unaotetemeka: jina la marehemu mkewe.

"Sema basi, mwanangu. Ni mpya, au nimezeeka?"

Nikazima taa ya hadubini.

"Jina hili lingempendeza Mama, Mwalimu."