Gunia Mlangoni kwa Nazdar

Jumapili ya uchaguzi, Nazdar Rammo alifungua mlango akakuta gunia la vitunguu kizingitini. Juu yake palibandikwa kipande cha kadibodi: "Beba kama baba yako, urudi nalo Mardin."

Hakuhitaji kuuliza mwandiko ni wa nani. Ng'ambo ya barabara Abu Maruf alikuwa amekaa mbele ya duka lake la mikate ya viungo vya zaatari, mikono juu ya tumbo, anasubiri mchezo uanze.

"Niite polisi?" aliuliza mdogo wake, Hevin.

"Polisi wa nini? Nitwishe."

"Na suti hiyo?"

"Hevin, nitwishe."

Basi Beirut ikajionea. Mgombea wa umukhtari, ule uongozi wa mtaa wenye muhuri wa vyeti, aliinama na viatu vyake vya kisigino na hereni zake, gunia likakaa mgongoni, kamba akaipitisha kwenye paji la uso vilevile marehemu baba yake alivyofanya miaka arobaini sokoni. Akashuka nalo barabara nzima kuelekea shule ya kupigia kura. Wanawake wakajaa kwenye vibaraza vya ghorofani. Mmoja akapiga kigelegele, wa pili akadakia, na kabla Nazdar hajafika kwa kinyozi alikuwa na msafara kama wa harusi.

"Hamali ni hamali tu!" Abu Maruf alipaza sauti. "Muhuri wa mtaa huu ushikwe na mwana wa mtaa huu! Sisi wenyeji hatutaandikiwa vyeti na watu waliokuja juzi!"

Nazdar alisimama mbele yake, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. "Asante kwa vitunguu, Abu Maruf. Mawakala wangu walikuwa hawajui leo watakula nini. Karibu dengu na wali saa saba."

Hata wateja wa duka walicheka, midomo imejaa mkate.

Mtaa ulimjua Nazdar. Kwa miaka kumi na tano meza ya jikoni kwake ndiyo iliyokuwa ofisi. Hapo watu walijaziwa fomu za hospitali, wakaandikiwa barua za maji, wakanywa kahawa na kusengenya mpaka sufuria zikaungua. Aligombea mara mbili, mara mbili akaangushwa, na mara zote mbili Abu Maruf aligawa mikate ya bure. Safari hii alimwapia Hevin: ashinde, au aache siasa moja kwa moja arudi kushona mapazia.

Baba yao, Mkurdi aliyetoka Mardin huko Uturuki, aliishi na kadi ambayo mahali pa uraia paliandikwa "unachunguzwa." Ukachunguzwa miaka thelathini. Siku uraia ulipotoka, na jina la Rammo likaingizwa katika daftari la mtaa, lile la wanaoruhusiwa kupiga kura hapo, mzee alilala na karatasi ile chini ya mto kama mtoto na nguo ya sikukuu. Daftari hilo Nazdar alilisoma kampeni nzima, jina kwa jina, mpaka kurasa zikalegea.

Shuleni, Hevin alikuwa akikadiria kura, kalamu mkononi, na wasiwasi wa watu kumi. "Kwa Abu Maruf niweke kura ngapi dhidi yetu? Yeye, mkewe, wana watano, wakwe..."

"Huyo usimhesabu."

"Dada, mdomo wake unaangusha ukuta!"

"Nimesema usimhesabu."

Kutwa nzima Abu Maruf hakubanduka langoni pa shule. Alimshika mkono kila mpiga kura, akamnong'oneza, akamwuliza kama kweli atampa kura binti wa hamali. Hevin, kwa ukorofi tu, alimpelekea sahani ya dengu na wali. Akaimaliza yote, akasema chumvi imepungua.

"Na wewe mbona huingii kupiga kura?" Hevin alimchokoza.

"Kazi yangu iko hapa nje, bibie. Chukua sahani yako."

Kura zilisomwa moja moja kwa sauti. Nazdar alishinda kwa tofauti ya kura ishirini na sita. Wanawake wakamrusha juu, kiatu kimoja kikapotea mpaka leo, na duka la mikate lilifungwa mapema.

Wiki mbili baadaye, wino wa muhuri ukiwa bado unanukia upya, foleni ya wenye shida ilishuka ngazi hadi barabarani. Mtu mmoja aliwapisha wengine wote. Walipokwisha, aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa Abu Maruf, kofia mkononi.

"Hongera, mheshimiwa mukhtari," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuja kwa ile karatasi ya ukaazi. Leseni ya duka inaisha mwezi huu."

"Ile wanayoandikiwa wasiomo kwenye daftari letu?"

"Hiyo hiyo. Lakini polepole basi, mdogo wako yuko hapo nje."

Nazdar akavuta fomu, akaanza kuuliza yale ambayo mukhtari yeyote hulazimika kuyauliza.

"Jina lako limeandikwa daftari la wapi?"

"Akkar." Aliifinyanga kofia. "Kijijini kwa babu. Ndiko tunakopigia kura sote nyumbani kwangu."

Kalamu ikaandika, haina haraka.

"Na hapa kwetu, Abu Maruf, ulihamia lini?"