Kibali cha Zaburi

Siku hizo kila mhubiri alihitaji kibali cha baraza la kanisa kwa kila aina ya maandiko, na Mchungaji Ezron Mwakyoma alikuwa na cha nyaraka tu. Mtihani wa zaburi ulikuwa umemshinda mara tatu. Kila wimbo aliugawa katika hoja, kana kwamba ni waraka wa Paulo, na mashine ya baraza ilimjibu vilevile: "Umefafanua. Hujaomboleza."

Juma lile mkewe, Tusekile, alimzika mama yake. Waliporudi kutoka makaburini alikaa jikoni, kanga ya msiba ikiwa bado kichwani.

"Baba Lusajo, nihubirie zaburi."

"Sina kibali, mke wangu. Hata humu ndani baraza linasikia."

"Basi nisomee barua nyingine ya Paulo," alisema, akageukia ukuta.

Ezron aliizunguka meza, akakaa, akasimama tena. Mwishowe alifungua Zaburi ya themanini na nane, ile inayoishia gizani. Alisoma yote, akatafuta hoja ya kwanza, asiipate. Sauti ikamkatika. Tusekile akamshika mkono, wakalia pamoja.

Simu ya Ezron ikaanza kutetema mezani, jina la baraza likiwaka kwenye kioo. Ikanyamaza, ikatetema tena.

"Usiishike," Tusekile alisema. "Soma tena."

Ezron akasoma tena tangu mwanzo.