Dakika Ishirini za Grauti

"Fundi, hicho kijiwe cheusi kipanguse vumbi, kitumbo king'ae," mwenye nyumba alisema, akiwa amepiga magoti mlangoni mwa bafu tangu saa mbili asubuhi.

Kwa mtu aliyepiga simu kazini akanung'unika kwamba mgongo umemkamata hata kukaa hawezi, alikuwa ameinama vizuri ajabu. Baada ya kunung'unika aliizima simu, akaiweka dirishani ili asisumbuliwe. Alhamisi hii ilikuwa ya sakafu, basi.

Na sakafu yenyewe, jamani! Vijiwe vya mtoni, laini kama mayai, vyeupe, vyeusi na vya kahawia. Mkewe alikuwa amevichagua na kuviosha kimoja kimoja kwa miezi minne, na dada zake wote alishawaita Jumapili waje kuvikanyaga. Fundi alivibandika juzi. Ilibaki grauti tu, ule uji wa saruji wa kujaza mianya.

"Grauti ina masharti yake," fundi alisema akikoroga ndooni. "Nikishaimwaga nina dakika ishirini. Hapo napitisha sponji na maji safi, ndoo baada ya ndoo, mpaka vijiwe vitoe nyuso. Ikikauka kabla sijaiosha, mama, utakuwa na sakafu ya stendi ya mabasi. Maji ya akiba yako wapi?"

"Mimi nilisema tununue tangi," mke alijibu.

"Tangi la nini?" mumewe akacheka. "Mgao wa maji ni wa mitaa mingine huko. Hapa miaka saba hayajakatika hata siku moja, na hayatakatika. Mwaga, fundi!"

Fundi akamwaga, akaisambaza kwa kibao cha mpira mpaka vijiwe vyote vikazama. Kisha akaenda bombani na ndoo. Bomba likakohoa, likatema hewa, likanyamaza.

Mume akainyakua simu ya mkewe na kuipigia ofisi ya maji. Hakutafuta namba, alikuwa nayo kichwani.

"Asante kwa kupiga," binti wa mapokezi akasema. "Tatizo lako limepokelewa na linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Wako wapi hao wahusika?"

"Wako eneo la tukio."

"Binti, eneo la tukio ndipo niliposimama! Hapa niko na mke wangu na fundi!"

"Basi vuta subira, baba." Simu ikakatwa.

"Zimebaki kumi na mbili," fundi akasema. Akakimbilia kwa jirani na ndoo, akarudi nayo tupu. Mtaa mzima ulikuwa mkavu. Maji ya jagi na ya birika yalitosha vijiwe tisa.

Mume akapiga tena. Binti yuleyule, maneno yaleyale, neno kwa neno.

"Hivi nani kawafundisha kujibu watu hivi?" alifoka.

"Mkubwa wetu katuandikia, baba. Imebandikwa hapa ukutani."

Mke alikuwa chini sasa, anasugua kwa kanga kavu, na kila akisugua grauti inazidi kutapakaa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Miezi minne!" alisema. "Baba watoto, si uende wewe mwenyewe huko ofisini kwao?"

"Nitakwendaje na mimi ni mgonjwa?" mumewe akang'aka.

"Tatu," fundi akasema.

Mume akapiga mara ya mwisho. "Nataka huyo anayefungua koki!"

"Yupo hapa, baba. Ya kwenu kaifunga yeye. Leo ni zamu ya mtaa wenu."

"Mtaa huu hauna zamu!"

"Unayo kila Alhamisi. Ila kila Alhamisi huwa anaagizwa auruke. Leo hakuagizwa."

"Wewe binti! Unajua unaongea na nani?"

"Na mteja, baba."

Nyuma ya mume fundi aligonga sakafu kwa ukucha, ikalia ko, ko, ko. Mke akaitupa kanga na kuanza kulia kwa sauti.

"Mwambie aifungue," mume akasema polepole. "Tafadhali. Sasa hivi."

"Hathubutu bila kauli ya mkubwa, baba, na mkubwa leo hakuja. Mgongo umemkamata hata kukaa hawezi, na simu yake tunaipiga tangu saa nne, kaizima. Lakini si mnakaa naye mtaa mmoja? Ukimwona, mwambie aiwashe."