Muuza Korosho

Wifi mtarajiwa alikuwa ananichora piko bibi yangu alipotokea mlangoni, na uso wake wa chale za Kimakonde.

Hapa Kivinje nilishawaambia wakwe kwamba sisi ni Washirazi wa Lindi mjini.

"Nani huyu?" mama mkwe akauliza.

Bibi alinitazama, akaelewa. Akashusha macho, akakumbatia kifurushi chake.

"Nauza korosho tu, mwanangu."

"Leo tuna shughuli. Pita siku nyingine."

Akageuka. Nikaona kisigino chake chenye magaga kikivuka kizingiti. Nikajaribu kuinuka, mkono wangu ukavutika mikononi mwa wifi mpaka ua la piko likaharibika.

"Hauzi korosho," nikasema. "Huyo ndiye aliyemzaa mama yangu."

Wifi akauachia mkono wangu.