Mtaa Uliozima Feni

Kutengeneza kilichovunjika ni kosa kisheria. Wenye viwanda wanataka ununue kipya, uwe na pesa usiwe nazo. Mguu wa chuma wa Mbaraka ulipopasuka, mkewe Sikudhani aliapa mumewe hatatambaa.

Mashine ya Sikudhani ya kulehemu ilitoa umeme wa kwenda na kurudi, ukirusha cheche na kutoboa chuma chembamba. Majirani wakamletea diodi walizochomoa kwenye magari mabovu. Akazifunga kwenye bamba la alumini, umeme ukawa wa kwenda upande mmoja.

Lakini mita ya mtaa hupiga king'ora cha kuwaita wakaguzi matumizi ya umeme yakipanda ghafla.

“Zimeni, jamani!” akaita jirani yao Mama Zuhura adhuhuri. “Shoga, choma upesi, tunaiva huku!”

Feni zikanyamaza nyumba kwa nyumba. Sikudhani akalehemu, moto ukatulia, ufa ukaziba. Mbaraka akasimama.

“Ahsante, mke wangu.”

“Washukuru wanaotoka jasho.”

Mbaraka akatoka nje kuwashukuru, Sikudhani kando yake. Nyumba ya pili, mkaguzi anayewakamata mafundi alikaa dirishani, shati limelowa, feni ya darini juu yake imezimwa. Akamwinamishia kichwa Sikudhani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia azime.