Fungu Langu la Maji

Siku hizi kila mtu ana fungu lake la maji kwenye bwawa la nyumbani, na halimwagwi mpaka mwenyewe afe. Sisi tumezoea klorini ya vidonge, ile iliyochanganywa na dawa ya kuikinga na jua. Unatupia tu, basi. Kumbe klorini inaisha, ila ile kinga inabaki, inajazana, mpaka klorini yenyewe inalala. Maji meupe, lakini hayaui kijidudu.

Jana fundi Shekalaghe kapima, katikisa kichwa. "Mtoto akizaliwa, msimwogeshe humu. Hata mkihamia klorini ya maji, isiyo na hiyo kinga, haisaidii. Mpaka fungu moja litoke, liingie jipya."

"La nani?" akauliza Nasra, mke wa mjukuu wangu, mimba ya miezi tisa.

Wote wakanigeukia. "Mbona mnanitazama mie?" nikasema. "Mie bado nadunda!"

"Aa, Babu naye! Nani kakutazama?" akasema Nasra.

Leo asubuhi Nasra kaniletea chai, kaniuliza nimelalaje. Nikamwambia vizuri.

"Vizuri kabisa?"

"Kabisa, mama."

Nikanywa. Chai ilijaa sukari, ile aliyonikataza daktari. Nikamaliza kikombe, nikamshukuru.