Mkono wa Kuua Kompyuta

Adelina aliiweka ramu, kile kijiti cha kumbukumbu ya kompyuta, juu ya kaunta ikiwa imefungwa kwenye leso, kama jino lililong'oka. Kwenye ncha yake moja kulikuwa na uzi wa kijani.

Uzi huo ulikuwa wazo la Nusaiba, mwenzake wa kushona makava ya makochi kule Keko. "Mafundi hawa ukigeuka tu wameshakubadilishia kitu," alimwonya. "Weka alama yako, shoga." Basi Adelina, ambaye asingethubutu kumuuliza mtu hata choo kiko wapi, ndiye aliyetumwa kumnasa mwizi.

"Nilinunua hapa juzi," alisema. "Haiwaki."

Wilfred alikuwa na duka dogo la vipuri vya kompyuta vya mtumba, Temeke. Hakuwa mtu wa maneno. Mashine yake ya kupimia ilikuwa nyuma ya kaunta, skrini ikimtazama yeye. Wateja waliona mgongo wa skrini tu. Lakini mbele ya Adelina bado alikuwapo jamaa mmoja na diski. Wilfred aliipima, akamrudishia mbele ya watu wote.

"Hii nzima, braza. Mbovu mikono."

Foleni ikacheka. Adelina alitamani kuingia ndani ya leso.

Zamu yake ikafika. Wilfred akapima, akaikodolea macho skrini.

"Imekufa, sista. Chukua nyingine, sikudai kitu. Ukiiweka, ibonyeze mpaka isikike *ta*."

Hakuna mteja aliyewahi kupewa maneno mengi kiasi hicho. Adelina alirudi Keko akiyarudia moyoni, hasa lile *ta*.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya karakana. Mjomba Albano, mwenye karakana hiyo, alitaka wateja waone picha za makochi kwenye kioo kikubwa badala ya kugombania simu yake. Iliyokamilika ilikuwa ghali, kwa hiyo alimpa Adelina fedha kidogo atafute vipuri kimoja kimoja. Hakumuuliza kama anajua. Adelina naye hakusema kwamba hajui, maana ingebidi aongee. Kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa feni yenye taa za rangi. Wenzake huanza na msingi. Yeye alianza na mapambo ya harusi. Cha pili kilikuwa ramu ya laptop, aliyouziwa na machinga, fupi kama kipande cha biskuti. Aliilazimisha kuingia mpaka akavunja kucha. Ndipo akanunua nyingine kwa Wilfred, nayo haikuwasha kompyuta.

Safari hii ramu aliyopewa na Wilfred iliingia, ikasema *ta*. Kompyuta ikabaki kimya.

"Una mkono wa kuua," Nusaiba alimcheka. "Siku ukiolewa, pasi hatukuletei. Tutakuletea ufagio, huo hauna roho."

Adelina akafunga uzi wa kijani kwenye nyaya za kisanduku cha kuingizia umeme, nacho alikinunua kwa Wilfred, akakibeba kwenda Temeke. Njiani akagundua jambo la kutisha: alikuwa na furaha. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa na hereni, kwa ajili ya kupeleka maiti ya kisanduku.

Wilfred alipima.

"Nacho kimekufa," alisema, akampa kingine. "Hiki ukifika, washa kwanza swichi ya nyuma."

Kumbe nyuma kulikuwa na swichi. Adelina akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa akiijua.

Ikawaka. Mjomba Albano alikuwa ameitengenezea kasha la mninga, maana la chuma lilizidi mfuko, akalipiga vanishi mpaka likang'aa kuliko kabati la bibi harusi. Karakana nzima ikapiga makofi. Feni ikazunguka na rangi zake zote. Kila mtu alifurahi isipokuwa aliyeijenga.

Angeenda tena kwa Wilfred kufanya nini? Amwambie nini? Shikamoo haikufaa, walikuwa rika moja. "Mambo" ilikuwa ikimkwama kooni tangu utotoni. Bila kitu kilichokufa mkononi, hakuwa na la kumwambia.

Siku chache baadaye akachomoa ramu, nzima kabisa, akaifunga kwenye leso. Alijua Wilfred ataipima. Alijua atamrudishia mbele ya foleni: mbovu mikono. Na baada ya hapo asingeweza kupita tena mtaa ule, hata akiwa amejifunika kava la kochi la watu watatu.

Akaenda.

"Imekufa," alisema. Uongo hakuuzoea.

Mvua ikaanza kunyesha, watu wakabanana kwenye kibaraza. Wilfred akainua kibao cha kaunta.

"Pita ndani, sista. Unalowa."

Kwa mara ya kwanza Adelina akasimama upande ule wa skrini. Wilfred alizima mashine yake ya kupimia, akachomoa ramu iliyokuwamo, akailaza mezani. Akachomeka ya Adelina. *Ta*. Akawasha. Skrini ikajaa mwanga, wazi, bila aibu yoyote. Adelina akainamisha macho kusubiri kicheko cha foleni.

Macho yakatua mezani. Ramu iliyochomolewa ilikuwa na uzi wa kijani kwenye ncha. Na kisanduku cha umeme kilichokuwa kikiunguruma pembeni yake kilikuwa na mwingine kwenye nyaya. Maiti zake zote mbili zilikuwa hai.

Wilfred hakumtazama. Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi, mwanga wa skrini ukimmulika uso mzima.

"Imekufa," alisema. "Labda uje tena kesho."

Akazima mashine, akaichomoa. Adelina akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha uzi wa kijani, akakifunga taratibu kwenye ile ramu aliyoileta, akamkabidhi.